Ukishapewa funguo, paa linalovuja ni la nani?

Umekaa kwenye ofisi ya kampuni ya hati, ile inayosimamia uhamisho wa umiliki wa nyumba, kuanzia saa nane mchana, umesaini karatasi mpaka mkono umekufa ganzi, umepewa funguo. Nyumba ni yako. Wiki inayofuata kiyoyozi kinakata roho. Wiki ya tatu inanyesha mvua ya maana, na dari ya sebuleni inachora doa la rangi ya chai. Unampigia dalali wako: "Huyu muuzaji lazima alipe." Dalali anakohoa kidogo, halafu anaanza kuongea taratibu, kama mtu anayejua maneno yake yanaweza kuja kusomwa mbele ya hakimu.

Kwa Waswahili wanaonunua nyumba Marekani, iwe Texas, Minnesota au California, hapa ndipo mshangao unapoanzia. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtu ananunua kiwanja, anapandisha tofali kadri mfuko unavyoruhusu, na akigombana anagombana na fundi. Nyumba iliyokwisha kukaliwa na watu wengine, inayolipiwa kwa mkopo wa miaka 30, ina ugomvi wa namna yake. Na wazo la kwanza linalomjia mnunuzi, kwamba kitu kikiharibika mapema basi aliyekiuza anawajibika, kwa nyumba iliyotumika si sahihi. Muuzaji wa kawaida hatoi garantii. Kiyoyozi kilichokuwa kinafanya kazi siku ya kukabidhiana na kikafa siku sita baadaye ni msiba wako, hata kama inauma.

Kinachobaki mikononi mwa muuzaji baada ya mauzo kufungwa, yaani karatasi kusainiwa na nyumba kukabidhiwa, ni vitu viwili: kasoro aliyoijua akaificha au akaidanganyia, na tengenezo aliloahidi kwa maandishi asilifanye. Kila kimoja kina sheria yake na ushahidi wake. Watu huvichanganya, na barua nyingi za hasira zinazoandikwa baada ya kuhamia hufa kwa sababu hiyo. Zinaeleza kwa kirefu jinsi bomba lilivyopasuka na gharama yake, wala hazisemi neno moja kuhusu nani alijua nini.

Mchwa wawili, majibu mawili

Zamani msimamo ulikuwa rahisi: mnunuzi ajiangalie. Mwaka 1942, Massachusetts, mnunuzi aliishtaki benki iliyomuuzia nyumba yenye mchwa. Alidai benki ilijua. Katika kesi hiyo, Swinton dhidi ya Whitinsville Savings Bank, mahakama ya juu ya jimbo ilisema benki haikutamka uongo wowote, haikumzuia kukagua, ilikaa kimya tu; na kimya peke yake si kosa. Majaji waliona kwamba wakimwajibisha huyu, itabidi wamwajibishe kila muuzaji ambaye hakutaja kasoro isiyoonekana.

Miaka 18 baadaye, upande wa pili wa nchi, mchwa walirudi mahakamani. Safari hii ilikuwa nyumba ya kupangisha mjini Spokane, jimbo la Washington, na wauzaji walikuwa wamegundua wadudu, wakafanya matibabu nusunusu, wakauza bila kusema. Katika Obde dhidi ya Schlemeyer, mwaka 1960, mahakama ilisema kasoro iliyofichika, inayoila nyumba, na ambayo ukaguzi wa kawaida hauwezi kuiona, lazima itajwe, hata kama mnunuzi hakuuliza.

Kesi ambayo mawakili wa Florida hawaachi kuitaja ni ya mwaka 1985, Johnson dhidi ya Davis, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu ugomvi wa paa mpaka leo hufuata mkondo uleule. Nyumba ilikuwa ya dola 310,000, paa likiwa na umri wa miaka mitatu. Kabla ya kukamilisha malipo, mnunuzi mwanamke aliona plasta imeumuka na kubanduka pembeni mwa dirisha, na madoa kwenye dari. Akauliza. Muuzaji akajibu kwamba dirisha lilikuwa na tatizo dogo lililokwisha kurekebishwa siku nyingi, na kwamba madoa ni ya gundi na ya kazi ya kusogeza boriti. Wauzaji wakahama. Siku chache baadaye mvua kubwa ikapiga. Mume alipoingia alikuta maji yanabubujika kuzunguka dirisha, darini, kwenye taa, hadi kwenye jiko. Mafundi wa wauzaji walisema paa lingetengenezeka kwa chini ya dola 1,000. Mafundi watatu wa wanunuzi walisema limeharibika tangu lilipojengwa na linahitaji kubadilishwa lote kwa dola 15,000.

Mauzo yalikuwa bado hayajafungwa, ndiyo maana wanunuzi walidai amana yao irudi, na walishinda. Lakini kanuni iliyotoka pale ndiyo wanayoishikilia leo waliokwisha kuhamia: muuzaji akijua jambo linalogusa thamani ya nyumba kwa uzito, lisiloonekana kirahisi na ambalo mnunuzi halijui, anapaswa kulisema. Tazama ilivyojengwa. Ajue. Jambo liwe zito. Lisiwe la kuonekana. Mguu mmoja ukivunjika, dai zima linaanguka.

Huo mguu wa tatu umewaangusha wengi. Ohio, mwaka 1988, katika Layman dhidi ya Binns, ukuta wa chini ya ardhi ulikuwa umepinda na ulikuwa umeegemezwa kwa mihimili ya chuma. Mihimili hiyo ilikuwa palepale, mtu anaiona kwa macho. Mahakama ikasema aliyeiona na asiitafutie maelezo hawezi kurudi baadaye kulalamika kwamba hakuambiwa, ikiwa hakudanganywa. Kwa maoni yangu ni hukumu kali, kwani mnunuzi wa kawaida hajui mhimili wa chuma unamaanisha nini. Ila ndiyo hali: doa ulilolipiga picha siku ya kwanza ya kuangalia nyumba linaweza kuja kutumika dhidi yako.

Na majimbo hayafanani. Alabama bado inashikilia kwa nyumba zilizotumika kwamba mnunuzi ajiangalie, isipokuwa kasoro inayohatarisha afya au usalama, au pale ulipouliza swali la moja kwa moja ukajibiwa uongo. New York kwa miaka mingi ilimruhusu muuzaji aruke fomu ya kueleza kasoro anazozijua kwa kumpa mnunuzi punguzo la dola 500, na takriban kila wakili alimshauri mteja wake alipe hizo 500 anyamaze. Mlango huo ulifungwa Machi 2024. New York hiyohiyo ndiyo iliyotoa hukumu ya mwaka 1991, Stambovsky dhidi ya Ackley, ambapo mwenye nyumba mjini Nyack alikuwa ametangaza magazetini kwamba nyumba yake ina mizimu, halafu akamuuzia mgeni asiyejua habari hizo. Mahakama ya rufani iliandika kwamba kisheria nyumba hiyo ina mizimu, na ikamruhusu mnunuzi ajiondoe. Kinachochekesha zaidi ya mizimu ni mantiki yake: hata mkaguzi hodari asingeweza kuigundua.

Jambo moja halitegemei jimbo. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1992 inamlazimu muuzaji aseme anachokijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi (lead) na ampe mnunuzi nafasi ya siku 10 ya kupima.

Alijua? Thibitisha

Majimbo mengi sasa yana fomu ambayo muuzaji anajaza. California ilianza kuitumia mwaka 1987. Texas nayo inayo kwenye sheria zake za mali. Isome vizuri hiyo fomu. Haiulizi "paa linavuja?" Inauliza "unafahamu kasoro yoyote ya paa?" Muuzaji asiyefahamu anajibu hapana, na hajasema uongo, hata kama maji yanachuruzika nyuma ya ukuta tangu mwaka juzi. Nyumba ya urithi inayouzwa na msimamizi wa mirathi, au iliyotwaliwa na benki kwa mkopo ulioshindikana, katika majimbo mengi haidaiwi fomu hiyo kabisa. Ukinunua nyumba ya namna hiyo kwa bei ya chini, sehemu ya punguzo ni hilo pengo.

Kwa hiyo kazi yote baada ya funguo ni kutafuta ushahidi wa ujuzi. Unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwa fundi. Unamwita fundi wa mabomba, anatazama chini ya sinki, anasema, "Hii nyumba nilishakuja." Makampuni ya mafundi huweka kumbukumbu za wateja, na nukuu ya bei ya miaka miwili iliyopita, yenye jina la muuzaji na maneno "bomba kuu limepasuka, libadilishwe", ina nguvu kuliko machozi yako yote. Nyingine ni bima. Makampuni ya bima hutunza historia ya madai ya nyumba kwa muda wa hadi miaka saba, na muuzaji aliyelipwa fidia ya maji mwaka jana hawezi kudai hajawahi kuona maji. Ofisi ya vibali ya mji inaonyesha kama chumba kile cha nyuma kilijengwa kwa kibali. Jirani naye anaongea. Jirani huongea kila mahali duniani.

Halafu kuna mnunuzi wa kabla yako. Nyumba iliyokuwa na mkataba, mkataba ukavunjika, ikarudi sokoni, mara nyingi ilikaguliwa. Taarifa ile ya ukaguzi ilifika kwa muuzaji au kwa dalali wake. Kuanzia siku hiyo, "sikujua" imekuwa ngumu kuitamka.

Rangi mpya nayo inasema kitu. Nyumba nzima ikipakwa rangi ni matayarisho ya kuuza. Ukuta mmoja tu wa chini ya ardhi ukipakwa rangi nzito ya kuzuia maji, na zulia jipya kutandikwa juu ya sakafu iliyovimba, hapo tumetoka kwenye kukaa kimya tumeingia kwenye kuficha, na mahakama huvitazama kwa macho tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua pia nguvu ya maneno "kama ilivyo" (as is). Wauzaji hudhani maneno hayo kwenye mkataba ni ngao ya chuma. Texas, mwaka 1995, mahakama kuu ya jimbo iliamua kesi ya Prudential dhidi ya Jefferson Associates, iliyohusu jengo la ofisi mjini Austin lililogunduliwa kuwa na asibesto. Aliyenunua kama ilivyo, ilisema, amekubali kutegemea macho yake mwenyewe, na hawezi kumlaumu muuzaji asiyejua. Ila maneno hayo hayamsaidii muuzaji aliyedanganya au kuficha ili mkataba usainiwe, wala aliyemzuia mnunuzi asikague. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia akijua ni gunia hana kesi; aliyeambiwa humo mna beberu mzima anayo.

"Nitatengeneza kabla hujahamia"

Aina ya pili ya ugomvi haina habari ya kujua wala kutojua. Mkaguzi alipita, akaandika kurasa 40, mkajadiliana, muuzaji akakubali kutengeneza vitu vitano. Umehamia, unakuta viwili havijaguswa na kimoja kimetengenezwa na shemeji yake kwa gundi.

Hapa adui wa kwanza ni sentensi iliyoandikwa vibaya. "Muuzaji atatengeneza paa" haina maana yoyote mbele ya msuluhishi. Atabandika kigae kimoja? Atatumia nani? Nyongeza ya mkataba inayofaa husema ni fundi mwenye leseni, ni kazi gani hasa kwa kurejea ukurasa wa taarifa ya ukaguzi, imalizike siku gani, na risiti pamoja na garantii ya fundi vikabidhiwe kwa mnunuzi. Mkataba wa kawaida wa Texas tayari unadai mafundi wenye leseni na nyaraka za kazi, lakini orodha ya kazi zenyewe unaijaza wewe na dalali wako.

Adui wa pili ni wa kizamani na wachache wanamfahamu. Kwa kanuni ya jadi ya sheria za ardhi, hati ikishakabidhiwa, mkataba wa mauzo humezwa ndani yake. Ahadi zilizokuwa kwenye mkataba na hazimo kwenye hati zinaweza kuhesabiwa kwamba zimekwisha. Mahakama zimeweka mianya, udanganyifu ukiwa mmoja wapo, lakini kwa nini ukategemee mwanya? Andika kwamba ahadi ya matengenezo itaendelea kuwa hai baada ya mauzo kufungwa. Ni sentensi moja.

Ndiyo sababu ya ukaguzi wa mwisho, ule unaofanyika siku moja au mbili kabla ya kusaini. Watu huugeuza kuwa matembezi ya kupima pazia. Fungua maji ya moto. Washa kiyoyozi hata kama ni baridi nje. Panda darini na tochi utazame palepale palipoandikwa. Kazi ikiwa haijafanyika, ndiyo nafasi yako ya mwisho kuwa na nguvu, kwa sababu muuzaji anataka hela yake kesho. Unaweza kuahirisha kusaini, au kuomba sehemu ya fedha za muuzaji izuiliwe kwenye akaunti ya amana mpaka kazi imalizike, benki yako ikiridhia. Ukisaini huku ukijua kazi haijafanyika na hukuandika popote kwamba unapinga, umejidhoofisha mwenyewe.

Nina msimamo hapa: chukua fedha, usichukue matengenezo. Muuzaji anayefunga mizigo hana sababu ya kutafuta fundi mzuri. Anatafuta wa bei nafuu atakayetoa risiti kabla ya Alhamisi. Punguzo la bei au mchango wake kwenye gharama za kufunga mauzo unakuwezesha kumchagua fundi mwenyewe. Kuna ukomo: mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali kuu, unaruhusu michango ya muuzaji isizidi asilimia 6, na mikopo ya kawaida yenye malipo ya awali chini ya asilimia 10 huishia asilimia 3. Kwa nyumba ya dola 350,000, hizo asilimia 3 ni dola 10,500, zinazotosha kiyoyozi kizuri.

Wengine waliokuwepo chumbani

Mkaguzi aliyekosa kuona kasoro huwa wa kwanza kutukanwa, lakini mkataba wake mara nyingi unasema dhamana yake haizidi ada uliyomlipa. Baadhi ya majimbo hayakubali kifungu hicho, mengi yanakikubali. Dalali wa muuzaji anaweza kuingia matatani akiona dalili akanyamaza: California, kesi ya Easton dhidi ya Strassburger ya mwaka 1984 ilihusu nyumba iliyojengwa juu ya udongo wa kujaziwa ambao uliporomoka, na madalali walikuwa wameona sakafu isiyo sawa na nyavu kwenye mteremko. Ule mpango wa waranti ya nyumba wa mwaka mmoja, ambao muuzaji hukununulia kama zawadi, ni mkataba wa huduma. Unalipa ada kila fundi akija, na sababu maarufu ya kukataliwa ni kwamba tatizo lilikuwepo tangu zamani. Nyumba mpya kutoka kwa mjenzi ni hadithi nyingine kabisa. Minnesota, kwa mfano, sheria inampa mnunuzi mwaka 1 wa kazi mbovu, miaka 2 ya mabomba, umeme na mifumo ya joto na baridi, na miaka 10 ya kasoro kubwa za ujenzi.

Doa limeshatokea

Zuia uharibifu usienee, maana sheria haikulipi hasara uliyoiacha ikue. Lakini piga picha kabla hujagusa, na usitupe kipande kilichooza. Mwite fundi mwenye leseni na umwombe aandike kitu ambacho mafundi hawakiandiki wasipoombwa: tatizo hili lina umri gani. Nukuu inayosema "kubadilisha mbao, dola 8,400" inataja bei tu. Inayosema mbao zimeoza kwa miaka kadhaa na kuna dalili za kiraka cha zamani inataja pia nani alikuwa akiishi humo.

Kisha barua kwa muuzaji, fupi, bila matusi, yenye picha na nakala ya fomu yake, ikimpa nafasi ya kuja kuona kabla hujatengeneza. Angalia mkataba kabla ya kukimbilia mahakamani. Mkataba unaotumiwa zaidi California unamnyima mtu anayefungua kesi bila kujaribu usuluhishi kwanza haki ya kurudishiwa ada za wakili wake, hata akishinda. Ule wa Texas nao una kifungu cha usuluhishi, na anayeshindwa kesi analipa wakili wa mwenzake, jambo la kufikiria mara mbili kama ushahidi wako ni hasira tu. Madai madogo yana mahakama yake isiyohitaji wakili: mpaka dola 20,000 Texas na Minnesota, na 12,500 kwa mtu binafsi California.

Saa nayo inakimbia. Dai linalotokana na fomu ya Minnesota lifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu kufunga mauzo. California, udanganyifu una miaka 3 tangu ulipogundua. Texas una miaka 4. Anayesubiri kiangazi kipite aone kama paa litavuja tena anatumia muda huo.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeuza, jaza ile fomu kwa mkono wako, usimwachie dalali. Andika: paa lilivuja 2021, fundi alibadilisha vigae upande wa kaskazini, risiti imeambatishwa. Mnunuzi pengine atakukata dola elfu mbili kwenye bei. Lakini akishasaini kwamba amesoma, hawezi tena kusema kuhusu paa lile kwamba hakuambiwa.